Meza ya Nne

Mlima haujatoka tangu Jumanne.
Moshi yote imejifunika shuka la mvua
na sisi wa kidato cha sita tunapiga msuli
chini ya taa inayowaka ikipenda.

Zimebaki siku tisa.
Nilizichora kwa chaki ukutani, juu ya kitanda,
patroni akazifuta kwa kofia yake,
akasema ukuta wa serikali si kalenda.
Sawa. Nazihesabu kwa vidole,
na vidole vyenyewe vimejaa wino.

Mama amenitumia kahawa
kwa jirani anayeshusha ndizi soko la Mbuyuni:
kahawa ya Kibosho, ya ile mibuni saba iliyosalia
baada ya baba kung'oa mingine apande nyanya.
Zamani kahawa ilimlipia baba ada.
Mimi inanilipia kukesha.

Swali linauliza kwa Kiingereza.
Nalijibu kichwani kwa Kiswahili,
nikikosea najitukana kwa Kichaga,
halafu naandika upya, mwandiko safi,
kana kwamba sikupita njia hizo zote.
Mwalimu Kisamo anatuambia, "Msikariri, mwelewe,"
kisha anageukia ubao
na kutuandikia kanuni thelathini za kukariri.

Aikaeli angecheka.
Aikaeli wa meza ya nne, mwenye mkono
usiotetemeka kwenye bureti.
Maabara nzima tulimwaga kama tunanywesha ng'ombe,
yeye anafungua koki kwa kidole gumba,
tone,
kimya,
tone,
mpaka maji ndani ya chupa yanaona haya,
yanageuka rangi ya kiganja cha mtoto mchanga.
Hapo anafunga.
"Ukiona imekolea," aliniambia, "ujue umeshachelewa.
Mwaga, anza upya, na usimseme bureti."

Alikwenda Rombo mwezi wa tatu.
Baba yake alikuwa juu ya mgrevilea anakata matawi,
tawi likamtangulia, naye akalifuata.
Kiuno. Hospitali ya Huruma, kisha nyumbani, kisha godoro.
Nilimuuliza kwa simu ya patroni atarudi lini.
Akajibu kwa ujumbe mmoja:
"Ng'ombe hawajui mtihani wa taifa.
Wanajua saa kumi na moja alfajiri."

Daftari lake ninalo mimi.
Limefunikwa gazeti la mwaka juzi,
na pembeni ya kurasa amechora maksai wenye miwani.
Jana usiku, ukurasa wa arobaini na moja,
nimekuta kosa.
Aikaeli! Amesahau kugawa kwa mbili.
Nilirudia hesabu mara tatu nikitamani mkosaji niwe mimi.
Sikuwa mimi.
Nilishika kalamu nyekundu, nikairudisha.
Mwishowe nikaweka nukta ya penseli, ndogo,
kama mtu anayepiga hodi
kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Leo mchana wamebandika namba.
Majina yetu yamepangwa kwa herufi,
kwa hiyo Aikaeli, kisha mimi, Akundaeli;
ya nne, ya tano, hatua moja kati yetu
ili mtu asichungulie.
Hakuna aliyewaambia wasiibandike yake.
Ada ya mtihani ilishalipwa, na karatasi haiulizi.

Nilitumwa kufuta meza za safu yetu.
Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba
ningeweza kusema jina lake kwa sauti
na asisikie yeyote.
Sikusema.
Nilifuta ya tano, nikafuta ya nne,
nikaangalia kama mguu wake bado unacheza
(bado, nikaukunjia kipande cha boksi),
na gundi kwenye namba yake ilikuwa haijakauka,
kona moja imeanza kunyanyuka.

Nikaibonyeza kwa kidole gumba
hadi iliposhika.